Tezi Mbili na Kadi Moja

Kama umeanza kufunga kitambaa shingoni hata siku za jua kali, nakuandikia wewe. Mimi nilifunga changu misimu miwili ya mahindi kabla sijakubali kwamba kuna kitu kinakua pale. Sitakufundisha udaktari kwa sababu siujui. Nitakueleza yaliyonipata, pamoja na jambo moja ambalo hakuna daktari aliyewahi kuniuliza. Niliugua tezi na niliugua wivu kwa wakati mmoja, na tezi ndilo lililotangulia kupona.

Naitwa Ghati. Nimeolewa Kemambo, Tarime, lakini nimezaliwa Ringwani, upande wa Serengeti. Mama yetu alikuwa na rovu, hili ambalo wengi huita goita, na alizikwa nalo. Kwa hiyo mdogo wangu Robhi alipoanza kuvimba shingo, na mimi nikafuata, hakuna aliyeshangaa kwetu. Robhi naye ameolewa hapahapa Kemambo. Ukisimama mlangoni kwangu unaona bati la nyumba yake ng'ambo ya kijito. Mume wake Marwa alikuwa anaendesha mitambo kwa mkandarasi mmoja wa mgodini. Mume wangu Mwita analima, na ana ng'ombe wachache.

Tezi la Robhi lilikuwa kubwa lakini pole. Lilikaa pale kama embe, halimsumbui ila akimeza. Langu lilikuwa dogo ila lilikuwa na hasira. Moyo ulinienda mbio nikiwa nimekaa tu. Mikono ilitetemeka mpaka nikaacha kushona, nami ndiye niliyekuwa nashona sare za shule za kata nzima. Nilikula kuliko wanaume wa nyumba ile na bado sketi zilinivuka. Nywele zilibaki kwenye kitana. Watu wakijifunika blanketi la baridi ya Juni, mimi nilijimwagia maji. Kisha macho yakaanza kutoka. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwa sababu shingo unaweza kuifunga kitambaa, lakini macho utayafunga na nini?

Mama mkwe hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na hofu. Alimleta mganga mmoja mzee akanichanja shingoni kwa wembe na kupaka unga mweusi. Kidonda kikatunga usaha. Watoto wadogo wa jirani wakawa wananikimbia. Mwita alikuwa akinitazama, halafu anatazama pembeni, na mimi nilikuwa namgombeza kwa kila kitu: kwa kijiko kilichoanguka, kwa mlango, kwa jinsi anavyokohoa. Baadaye ndipo daktari aliniambia kwamba ukali ule nao ni ugonjwa. Nikuambie nawe mwenzangu unayesoma: kama umekuwa mkali ghafla na hujui kwa nini, usianze kwa kujilaumu.

Wakati wa kupalilia, Robhi alipata barua ya kwenda kupasuliwa Mwanza, kwenye hospitali ya kulipia inayopokea kadi ya bima ya kampuni. Marwa hakupewa ruhusa kazini. Ikabidi nimsindikize mimi.

Nataka uione ile sehemu ya kusubiria. Viti vina mito. Kuna ubaridi wa mashine, kuna maji ya kunywa ya bure, na wagonjwa wanazungumza polepole kama wako kanisani. Mimi nilikuwa nimebeba begi la Robhi na chupa ya uji wake. Dada wa mapokezi akamwita kwa jina, akampa tabasamu, akapokea kadi. Halafu akaniangalia mimi, macho yangu, shingo yangu, mikono inayotetemesha begi.

"Na wewe mama, kadi yako?"

"Mimi ni msindikizaji."

Akanionyesha kiti. "Basi kaa, mama. Pole."

Daktari wao alipopita kumwona Robhi kabla ya upasuaji, alinikazia macho mimi zaidi. Alimwambia Robhi, "Dada yako ndiye anayehitaji kuwahiwa. Wewe ungeweza hata kungoja." Robhi akainamisha kichwa. Akampasua yeye, kwa sababu kadi ilikuwa na jina lake.

Aliporudi wodini, shingo yake imefungwa bandeji safi, nilimlisha uji kwa kijiko, mkono unanitetemeka na uji unamwagika kwenye shuka nyeupe. Nilimpenda. Ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni. Na nilimwonea wivu kiasi cha kuhisi ladha yake mdomoni, chungu, kama nimetafuna kidonge. Nilitamani ile bandeji. Umewahi kusikia mtu anatamani kidonda cha mwenzake?

Alipona haraka. Wakati wa mavuno alikuwa amerudi kwenye kwaya, amevaa blauzi ya shingo wazi, na kovu lake jembamba kama uzi. Sauti yake ilirudi vilevile. Watu walimsifia barabarani. Mimi nilipita njia ya nyuma, ya mihogo.

Mwita aliuza dume, nikaanza safari zangu za Musoma, hospitali ya serikali. Kule foleni inaanza nje ya geti. Unakaa kwenye benchi la saruji, na anayeinuka anapoteza nafasi. Lakini niwatendee haki: pale ndipo nilipopewa jina la ugonjwa wangu kwa lugha ninayoielewa, na ndipo nilipopewa vidonge vya kutuliza tezi na vingine vya kutuliza moyo. Daktari, kijana mpole, alinieleza kwamba hawawezi kunipasua tezi likiwa na ghadhabu, ningeweza kufia mezani. Lazima litulizwe kwanza, miezi mingi, halafu nisubiri daktari bingwa. Kwenye benchi lile nilikutana na mama mmoja wa Kijaluo kutoka Shirati, mwenye goita kama langu. Tulizoeana. Mmoja akienda chooni, mwingine anaweka kanga yake kwenye nafasi. Aliponiona nalia siku dawa zilipokosekana dirishani, alifungua mfuko wake akanigawia za kwake, na hatukuwahi hata kuulizana majina ya waume zetu. Huruma ndogo kama hizo ndizo zilizonivusha.

Mvua za vuli zilipoanza, ukaja mkutano.

Mambo ya bima ya afya kwa wote yalikuwa yanazungumzwa kila mahali, redioni, sokoni, makanisani. Kwetu yalikuja na sura yake. Kampuni ya bima, ileile iliyotoa kadi za kina Marwa, ilitaka kata zetu zijiunge nayo. Diwani alikuwa upande wa kampuni. Mpinzani wake, aliyekuwa akikitamani kiti kile, alitaka tusubiri mpango wa serikali. Mimi nilikuwa na swali moja tu, na nililibeba toka nyumbani kama mtu aliyebeba yai.

Uwanja wa shule ulikuwa umegeuka sherehe. Maturubai ya kampuni, fulana za kampuni, kofia, soda, vijana wa litungu, ile ala yetu ya nyuzi, wamelipwa wapige. Kwenye viti vya mbele, ndani ya kivuli, nikamwona Robhi. Amevaa kofia ya kampuni. Sikuwa nimeambiwa.

Bwana wa kampuni alimwinua. "Ndugu wananchi, tazameni shingo ya mama huyu! Mwaka jana ilikuwaje? Leo ikoje?" Robhi akageuka kulia, akageuka kushoto, akicheka kwa aibu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma, juani, nimefunga kitambaa.

Halafu diwani na mpinzani wake wakapeana zamu ya kipaza sauti, na hapo afya ikasahaulika. Mmoja alimwita mwenzake kibaraka aliyenunuliwa kwa soda. Mwingine akajibu kwamba mama wa mwenzake alizaa mtoto asiyejua baba yake. Watu walishangilia kila tusi, kila kundi na lake. Hakuna aliyetaja zahanati yetu isiyo na dawa.

Nikanyoosha mkono. Nikanyoosha tena. Mwishowe mtendaji wa kata akaniruhusu.

"Shikamoo, mheshimiwa. Mimi ni mgonjwa wa tezi. Nataka kuuliza, mtu ambaye tayari anaumwa, hiyo kadi ya kampuni itamkubali? Na upasuaji umo, au ni malaria tu?"

Bwana wa kampuni aliinama kutafuta karatasi zake. Diwani ndiye aliyejibu. Alinitazama, akawatazama watu, akacheka.

"Mnaona jinsi wapinzani wanavyotutumia watu? Hebu mtazameni huyu mama macho yalivyomtoka kwa uchu! Mama, nenda kapumzike kabla hayajaanguka!"

Uwanja mzima ukacheka. Wafuasi wa mpinzani nao walicheka, wale ambao eti mimi ni mtu wao. Nilimtafuta Robhi kwa hayo macho yaliyonitoka. Alikuwa anatazama soda yake.

Nilitembea mpaka nyumbani. Mwita alisikia habari kabla sijafika na alikuwa ameshika fimbo. "Nimtafute huyu mtu, nimtafute sasa hivi," akasema. Nikamzuia. Nikamwambia diwani simdai kitu, ni mwanasiasa. Anayeniuma ni yule aliyekaa kivulini.

Mimi na Robhi hatukuzungumza mvua nzima ile. Alituma ndizi, nikazirudisha. Alikuja mwenyewe, nikajifanya nimelala. Nilikuwa napanda mahindi nikiwa nasikia kwaya yao ikifanya mazoezi ng'ambo, na sauti yake ilikuwa juu ya zote, na nilikuwa nasema moyoni: ana shingo, ana sauti, ana kadi, ana mume wa mshahara, sasa alikosa nini mpaka akanyamaza pale uwanjani?

Wakati mahindi yanachomoza mbelewele, baba yetu alitupigia simu kutoka Ringwani. Kampuni ilikuwa inakwenda kufanya mkutano kule pia, diwani wetu akiwa mgeni mwalikwa na mpinzani wake akimfuata nyuma kama kawaida. Baba alisema amesikia Robhi atazungumza, na akaniagiza nije. "Hamwezi kukosana mpaka nyumbani kwangu," alisema.

Nilikwenda kwa ajili ya baba. Nilimsalimia shikamoo, akaniitikia akinishika kichwa, akasema, "Umekuwa kama mama yako." Sikujua kama ni pole au ni sifa.

Mkutano ulikuwa uleule, maturubai yaleyale. Robhi akainuliwa. Bwana wa kampuni akasema maneno yaleyale kuhusu shingo. Robhi alipewa kipaza sauti ili ashukuru. Akanitafuta kwa macho kwanza.

"Wengi hapa mnanijua," alisema. "Ni mtoto wa hapa. Na dada yangu Ghati mnamjua, yule pale, tumenyonya ziwa moja. Tezi tumelipata wote. Daktari alisema yeye ndiye mgonjwa zaidi. Nikatibiwa mimi. Si kwa sababu mimi ni bora, ni kwa sababu mume wangu ana kazi. Dada yangu aliuliza swali kule Kemambo akatukanwa, na mimi nilikaa kimya. Sasa naliuliza mimi. Mtu anayeumwa tayari, kadi hii itamkubali? Jibuni hilo, halafu ndipo niwashukuru."

Bwana wa kampuni alinyoosha mkono apokonye kipaza sauti. Robhi akakishika. Mtu akazima spika. Robhi akaendelea kwa sauti yake ya kwaya, na uwanja mzima ukamsikia: "Jibuni!"

Wazee wakaanza kusema jibuni, jibuni. Bwana wa kampuni akasema kwa haraka kwamba wagonjwa wa zamani "wataangaliwa baadaye." Watu wakazomea. Hapo hapo yule mpinzani akaruka jukwaani, eti kutetea wanawake, akamwita diwani mwizi na mchawi. Diwani akamrushia chupa. Vijana wa pande zote wakaingiliana, turubai likaanguka, na swali likapotea chini ya turubai pamoja na viti.

Lakini watu walikuwa wamelisikia. Walimzunguka Robhi, wanampa mkono, kina mama wanamkumbatia. "Jasiri huyu! Mura, huyu ni mwanaume!" wazee walisema, wakimpa jina tunalowaita vijana wa kiume.

Ungedhani mimi nilifurahi. Nilisimama pale na nikahisi ile ladha chungu tena. Swali lilikuwa langu. Tusi lilikuwa langu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wangu. Nilipouliza mimi, na macho yangu haya, walicheka. Alipouliza yeye, mwenye shingo nzuri, wakamwita jasiri. Hata hilo akalichukua yeye.

Tulirudi kwa baba kwa miguu. Njiani nikamwambia Robhi, "Ungesema kule Kemambo."

"Kule niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Marwa angefukuzwa, tajiri wake na hawa wa bima wanakula pamoja. Na bado naogopa." Alisimama. "Dada, unanichukia?"

"Nakuonea wivu," nikasema. Sikuwa nimewahi kulitamka neno lile. "Toka Mwanza. Toka kwenye ile bandeji."

Robhi akajibu, "Mimi nilikuonea wivu wewe tulipokuwa wadogo. Mama alikuwa anakuita wewe umfunge kitambaa cha shingo. Mimi hakuwahi kuniita."

Hatukukumbatiana. Tulitembea tu. Ila kesho yake aliposhika ndoo kwenda mtoni, nilichukua na yangu.

Upasuaji wangu haukutoka kwa kampuni wala kwa diwani. Ulitoka kwenye foleni. Miezi ya vidonge ilikuwa imetuliza moyo, mikono ikaacha kutetemeka, nikaweza kutunga uzi kwenye sindano. Kiangazi kile madaktari bingwa walikuja kuweka kambi hospitali ya wilaya, na yule daktari kijana wa Musoma alikuwa ameandika jina langu miongoni mwa wa kwanza. Robhi alinisindikiza. Safari hii yeye ndiye aliyebeba begi. Sikuogopa nusu kaputi, niliogopa kutoamka nikiwa bado sijashona sare za mwaka mpya.

Nilipoamka, shingo ilikuwa nzito kama nimebeba kuni. Vidole vilinichoma kama sisimizi, midomo pia, na nesi akanipa dawa ya chokaa, wanaiita kalsiamu, ya kutafuna, ikapita. Ukihisi hivyo, sema mapema, usijikaze. Lakini sauti haikuja. Nilifungua mdomo ukatoka upepo tu. Daktari alisema mshipa wa sauti umeguswa, huenda ikarudi, huenda isirudi yote.

Siku ya pili wodini wakaingia wageni. Diwani, mpiga picha, na yule bwana wa kampuni na mifuko ya sabuni yenye nembo. Wanapita kitanda kwa kitanda. Diwani akafika kwangu. Hakunikumbuka. Akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akageukia kamera, akasema, "Hawa ndio mama zetu tunaowapigania."

Robhi akafungua mdomo. Nilimwona. Nikamtikisia kidole: hapana, hiki ni changu. Sauti sikuwa nayo. Nikauchomoa mkono wangu, nikajigeuza taratibu, bandeji na dripu na yote, nikaelekea ukutani. Mpiga picha alipata mgongo wangu. Kwenye kitanda cha jirani mama mmoja akacheka, mwingine akacheka, na wodi nzima ikacheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Mfuko wa sabuni niliuacha palepale chini.

Kampuni iliondoka kwetu baada ya muda, haikusema kwa nini. Mpinzani na diwani bado wanatukanana. Mpango wa bima unakuja, tunaambiwa, na naamini utakuja, sijui tu utanikuta na umri gani. Marwa mkataba wake ulipoisha haukurudiwa. Hakuna aliyesema ni kwa ajili ya maneno ya Ringwani, na hakuna aliyesema si hivyo. Kadi ikafa. Sasa mimi na Robhi wote tunameza kidonge kila asubuhi kabla ya chai, maisha yetu yote, na wote tunakifuata foleni.

Siku ya kwanza aliyokuja nami kwenye benchi la saruji, nilijiandaa kuona anavyoteseka. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa siri. Tulipofika getini, mama mmoja akamtazama, akasema, "Si wewe yule wa jibuni?" Akasogea. Watu wakampisha. Robhi akapata pa kukaa, mimi nikabaki nimesimama. Nilicheka mpaka kovu likauma. Wivu huo bado ninao, ndugu yangu, sitakudanganya, kama macho yangu ambayo hayakurudi ndani yote. Ninaishi navyo.

Tulipoingia, nesi mgeni akauliza shida zetu. Robhi, kwa mazoea, akaanza kujibu kwa ajili yetu sote: "Mimi na dada yangu, yeye sauti yake..."

Nikamgusa bega. "Acha," nikasema. Sauti yangu siku hizi ni ya chini, inakwaruza, na mtu lazima aache anachofanya ili aisikie. Nesi akaweka kalamu chini. Mlangoni waliokuwa wanasukumana wakatulia.

"Naitwa Ghati," nikasema. "Ninaumwa tezi. Nimekuja kuuliza dawa."